Ukitaka uprofesa wa biashara, anzia sokoni

Kila msimu wa mahafali napata wageni. Wanabisha hodi, wananiamkia, wanakaa kwenye kile kiti changu kilichochanika, kisha swali linakuja lile lile: "Profesa, na mimi nifanyeje nifike hapo?" Wengine wamemaliza shahada ya kwanza juzi. Wengine ni mameneja wa benki wenye miaka arobaini na ushee, wamechoka kufukuzana na malengo ya amana kila robo mwaka. Nimejibu kwa mdomo miaka mingi, na kila mara nasahau kipande. Sasa nimeandika, ili anayekuja asome kwanza, mengine tutazungumza.

Mimi ni Profesa Mshiriki wa menejimenti katika chuo kimoja cha umma Dar es Salaam. Kwetu ni Lushoto. Nilianza kama mkufunzi msaidizi mwaka 1998, nikapata uzamivu 2008, na daraja nililonalo leo nililipata 2019. Hesabu mwenyewe: miaka ishirini na moja. Anayekwambia njia hii ni ya miaka saba anakuuzia kiwanja cha bondeni.

Jua kwanza unaomba kazi gani

Watu hudhani profesa wa biashara ni mtu anayejua kufanya biashara. Shemeji yangu kila Idi ananiuliza mbele ya watu: kama naijua biashara hivyo, mbona sina hata duka? Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi namjibu kwamba hata mtafiti wa mbu hauzi mbu, kisha naomba nipitishiwe pilau.

Barua ya ajira itakuambia kazi ni tatu: kufundisha, kutafiti na kuchapisha, na kutoa huduma kwa chuo na jamii. Kwenye karatasi zimepangwa kama ndugu wa tumbo moja. Sivyo zilivyo. Kufundisha kuna ratiba, na usipotokea darasani wanafunzi mia nne watajua. Kamati ina barua ya mwaliko na chai yenye sambusa. Utafiti hauna wa kukukumbusha. Unaweza kupitisha miaka mitano hujaandika mstari, na hakuna atakayekupigia simu, mpaka siku wenzako uliosoma nao wanapandishwa daraja wewe ukabaki ulipo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Marekani, ambako shule za biashara zilienea mapema (Wharton ni ya 1881, Harvard ya 1908), kwa muda mrefu walimu wengi walikuwa watu wa maofisini waliokuja kusimulia uzoefu wao. Mwaka 1959 zikatoka ripoti mbili, moja imegharamiwa na taasisi ya Ford na nyingine na ya Carnegie, zikisema waziwazi kwamba elimu hiyo ni nyepesi. Tangu hapo mwalimu wa biashara akatakiwa awe mtafiti kama wa fizikia au wa uchumi, na desturi hiyo ikasambaa duniani.

Kwetu mlango ulikuwa mwingine. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, nchi ilijikuta na mabenki na viwanda mkononi, na watu wa kuviendesha hawatoshi. Mzumbe ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakafungua Kitivo cha Biashara na Menejimenti 1979. Walimu wa wakati ule waliajiriwa ili wapike mameneja wa mashirika ya umma, na wengi walifanya hivyo vizuri sana bila kuchapisha sana. Ndiyo maana hata leo utakuta mzee mmoja idarani anayeheshimiwa na nusu ya mawaziri, na amestaafu akiwa Mhadhiri. Usimdharau. Lakini usimfuate pia, maana sheria za mchezo zimebadilika.

Alama

Hapa nitapita haraka kwa kuwa hakuna ufundi. Matangazo mengi ya ajira za vyuo yanataka wastani wa 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza, na 4.0 kwenye uzamili kwa anayeomba Mhadhiri Msaidizi. Kama una 3.6, mlango wa utumishi wa umma utakuwa mgumu, na kurudia uzamili wa pili hakufuti shahada ya kwanza. Kuna vyuo binafsi, kuna nchi jirani, kuna kazi za utafiti nje ya vyuo. Nimewaona waliopitia huko wakafika. Ila nakuomba usinijie ukilia kwamba mwalimu fulani wa takwimu ndiye aliyekuharibia. Tumeshasikia.

Ukiitwa kwenye usaili, utaandika mtihani wa mchujo, kisha utasimama kufundisha mbele ya jopo. Chagua mada ndogo na uimalize. Kijana mmoja alikuja na slaidi arobaini za historia nzima ya nadharia za menejimenti kwa dakika kumi na tano. Alipofika slaidi ya tisa mwenyekiti akamshukuru.

Tafuta swali, na litoke kwako

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mama yangu alikuwa analima karoti na kabichi, na mzigo wake ulikuwa unauzwa Dar es Salaam yeye mwenyewe hajatoka Lushoto. Lori lilipita jioni, magunia yakapakiwa, likashuka Mombo usiku, na mzigo ukaishia kule shimoni Kariakoo mikononi mwa dalali. Hakuna mkataba, hakuna saini. Ilikuwa mali kauli: chukua mali, uza, nitumie changu. Baada ya siku mbili tatu utingo alileta bahasha. Ndani mna pesa na kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la shule: magunia kumi na manne, yaliyooza mawili, ushuru, kupakua, cha dalali, baki. Mimi ndiye niliyekuwa nakisoma kwa sauti, kwenye mwanga wa chemli. Nilikuwa darasa la tano.

Siku moja nikamuuliza Mama anajuaje kama kweli yaliyooza ni mawili. Akacheka. Kumbe hakuwa akimpa dalali mmoja mzigo wote. Aliugawa kwa wawili, na alihakikisha ni wawili wasiopatana. "Nikimpa mmoja, bei anaijua yeye," alisema. "Nikiwapa wawili, bei naijua mimi."

Miaka kumi baadaye nimekaa kwenye ukumbi wa mihadhara, mwalimu anaeleza nadharia ya uwakala: mwenye mali anamkabidhi mtu kazi, hamuoni anachofanya, sasa atahakikishaje hadhulumiwi? Wenzangu walikuwa wananakili. Mimi nilisikia harufu ya karoti.

Swali langu la uzamivu lilitoka pale, na makala zangu karibu zote zimetoka kwenye swali lile. Sikusema ujifungie kwenye utoto wako. Ninachosema ni kwamba mada ya kuazima haitakuvusha. Kila mwaka nasoma mapendekezo ya utafiti thelathini yenye kichwa kimoja: athari za kitu fulani kwa ufanisi wa wafanyakazi, mfano halisi wa ofisi fulani. Ukimuuliza mwenyewe kwa nini amechagua hilo, anasema maktaba zilikuwa na tasnifu nyingi za namna hiyo. Huyo makala yake ikikataliwa mara ya pili ataiacha, na ana haki ya kuiacha, kwa sababu haikuwa yake.

Nina vipimo vitatu ninavyowapa wanafunzi wangu. Ukimweleza swali lako mtu anayeifanya kazi hiyo, dalali, fundi, mhasibu, je, ataanza kubishana nawe? Kama anaitikia tu "ndiyo, ndiyo", swali bado bichi. Pili, mahali pa kulichunguzia panafikika kwa daladala, mara nyingi, bila kusubiri ufadhili? Tatu, kuna nadharia yoyote kubwa ambayo jibu lako litaikosesha usingizi? Wengi wana cha kwanza na cha pili. Cha tatu ndicho kinachotenganisha ripoti na utafiti, na hakipatikani bila kusoma.

Kusoma, na kutoamini upesi

Soma kama mtu anayekagua gunia: ingiza mkono mpaka chini. Nitakupa mfano ambao nawafundisha kila mwaka.

Kila kitabu cha kiada cha menejimenti kina sehemu ya tamaduni za kazi, na humo utamkuta Geert Hofstede, Mholanzi aliyetumia madodoso ya wafanyakazi wa IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973. Humo na sisi tumo. Ila hatumo kama Tanzania. Tumo kama "Afrika Mashariki", kapu moja lenye Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Kapu hilo linasomeka kwamba watu wake wanakubali kirahisi umbali mkubwa kati ya mkubwa na mdogo kazini.

Sasa weka kitabu chini, ujiulize miaka ile Tanzania kulikuwa na nini. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu cha 15 kilikataza kiongozi kuwa na kiburi na kuwaonea anaowaongoza. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho na kukichukulia kwa uzito wake. Migomo ikafuatana viwandani, mameneja wakafungiwa nje ya mageti, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar es Salaam walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe. Huo ndio wakati ambao dodoso linasema tunakubali ukubwa wa wakubwa! Simaanishi Hofstede alidanganya. Aliwauliza watu wa kampuni moja ya kompyuta wakajibu walivyojibu. Nasema kwamba mtafiti aliyekulia hapa ana mahali pa kuingizia mkono ambapo mtafiti wa mbali hapaoni. Mtaji wako ni huo.

Upande wa pili pia ni kweli. Kusoma vya mbali kunakufanya uone vya karibu. Nilikuwa nadhani mbinu ya Mama ni ya kwetu tu, mpaka nilipokutana na kazi za mwanauchumi Avner Greif kuhusu wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Maghribi, karne ya 11, waliokuwa wakikabidhi bidhaa kwa mawakala ng'ambo ya bahari ya Mediterania, na waliobanana kwa barua: ukimdhulumu mmoja, habari zinafika kwa wote. Barua zile zilikutwa kwenye sinagogi la zamani mjini Cairo. Nilipomsimulia Mama kwamba miaka elfu moja iliyopita kulikuwa na watu wa mali kauli kama yeye, aliuliza kama na wao walikuwa wanauza karoti.

Uzamivu: wapi, na kwa nani

Marekani uzamivu wa biashara huchukua kama miaka mitano. Miwili ya kwanza ni masomo mazito ya takwimu na nadharia, kisha mtihani mkubwa, kisha tasnifu. Ukipokelewa, vyuo vingi vizuri hulipa ada na kukupa posho ya kujikimu, lakini vingi vinataka mtihani wa kujiunga, GMAT au GRE. Ulaya ni mitatu hadi minne, na unaingia moja kwa moja kwenye utafiti wako. Nyumbani ni nafuu kwa fedha, ila hakuna atakayekupunguzia vipindi. Nimewaona waliokaa nao miaka tisa. Kuna na njia ya nusu kwa nusu, unasajiliwa huku na unakaa vipindi huko. Ndiyo niliyopita mimi, huku Dar es Salaam na kule Denmark, ambako Desemba saa kumi jioni ni giza tupu. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola na DAAD ya Ujerumani bado upo. Fuatilia tarehe zao mapema, maana fomu zinataka barua za walimu, na walimu tunachelewa.

Kuliko chuo, chagua msimamizi. Soma makala zake tatu kabla ya kumwandikia, na barua yako iwe fupi: swali lako kwa sentensi mbili, umeona nini ambacho yeye angependa kukiona, na ombi la dakika ishirini. Usimwandikie historia ya maisha. Usimwite "mheshimiwa sana". Muulize wanafunzi wake wa zamani wako wapi sasa, kisha watafute hao wanafunzi uwaulize anajibu barua pepe baada ya muda gani. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua umri utakaomaliza nao.

Nilimwacha mwanangu wa miaka miwili kwa bibi yake. Wanawake wanaoniuliza kuhusu hilo nawajibu ana kwa ana, na mlango ukiwa umefungwa.

Daftari

Henry Mintzberg, Mkanada, kwa tasnifu yake ya MIT alikaa na wakuu watano wa taasisi, wiki moja kila mmoja, akiandika kila wanachofanya. Watu watano tu. Vitabu vya wakati ule vilikuwa vinasema meneja anapanga, anaratibu, anadhibiti. Yeye aliona watu wanaokatizwa kila dakika chache na wanaopenda maneno ya mdomo kuliko ripoti. Kitabu chake cha 1973 kilimpa jina. Alikuwa na saa, kalamu, na uvumilivu wa kukaa.

Kwetu kabla ya kukaa kuna barua. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hapo unapewa ya wilaya, ya wilaya inakupeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha wa mtaa. Tenga wiki kadhaa na nauli. Ukishakusanya mihuri yote unamfikia mwenyekiti wa soko, naye hazisomi. Anakutazama, anauliza: "Wewe wa TRA?"

Wiki mbili za kwanza sikuuliza kitu. Nilinunua chai kwa mama ntilie yule yule, nikakaa pale pale. Siku ya tisa dalali mmoja akaniambia, "Dada, naona umetuhamia." Akaanza kusimulia. Niliandika nikiwa ndani ya daladala, usiku ule ule, kwa maneno yao: soko limelala, soko limechangamka, mzigo umekataa. Usingoje kesho. Kesho utakumbuka maana, lakini maneno yatakuwa yako, si yao.

Madodoso yana kazi yake, nami nayatumia. Ila yale ya kuzungushia namba, kutoka "sikubali kabisa" mpaka "nakubali sana", usianze nayo. Mfanyabiashara aliye na wateja watatu mbele yake atakuzungushia "nakubali" mstari mzima ili uondoke, na wewe utakwenda kuziingiza kwenye kompyuta kama data.

Na rudi. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 nilidhani tasnifu yangu imekuwa historia siku ile ile niliyoifunga jalada. Nilirudi sokoni 2010 na swali lile lile. Bahasha ya utingo ilikuwa imekufa, pesa inaingia kwenye simu kabla lori halijarudi. Lakini wakulima niliowakuta bado walikuwa wanagawa mzigo kwa wawili. Simu ilileta pesa. Bei ya ukweli bado waliitafuta kwa njia ya Mama. Hiyo ikawa makala yangu ya pili.

Kuandika, na kukataliwa

Makala ya kwanza kutoka kwenye tasnifu niliituma 2009 kwa jarida kubwa la Marekani. Ilirudi baada ya siku sita, mhariri hakuipeleka hata kwa wahakiki. Jarida la pili liliikalia miezi saba. Mhakiki wa Kwanza alikuwa mpole. Mhakiki wa Pili (katika kazi hii utamjua Mhakiki wa Pili kama unavyomjua trafiki wa Ijumaa jioni) aliandika kwamba mazingira yanavutia, lakini haoni msomaji asiye na haja na Tanzania atajifunza nini. Nilikwenda kununua mihogo ya kukaanga nikaila peke yangu ndani ya gari.

Alikuwa sahihi. Nikwambie kosa lilikuwa wapi, maana ndilo ninaloliona kila wiki. Makala yangu ilianza hivi: "Tanzania ni nchi iliyoko Afrika Mashariki. Kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wake." Aya mbili za jiografia kabla ya dalali kutokea. Niliifuta yote. Ikaanza hivi: "Mwenye mali asiyeweza kumwona wakala wake hushauriwa amlipe vizuri au amchunguze. Wapo wasiofanya lolote kati ya hayo: huajiri wakala wa pili, adui wa yule wa kwanza." Ni soko lile lile na data ile ile. Jarida la tatu nalo lilikataa, ila kwa barua ndefu yenye msaada. La nne likaikubali 2012, baada ya marekebisho mawili.

Barua ya kurekebisha ikija, isome mara moja, ifunge siku tatu. Kisha chora jedwali: kushoto neno la mhakiki, kila neno, hata la kijinga, kulia ulichofanya na ukurasa uliokifanyia. Pale unapokataa, kataa kwa adabu na kwa ushahidi. Mhakiki mmoja alitaka nifute "mali kauli" niweke neno lao la mkopo wa bidhaa. Nilimjibu kwamba kwenye mkopo, uuze usiuze unadaiwa. Kwenye mali kauli, isipouzika hasara ni ya mwenye mali. Neno likabaki kwa Kiswahili, na leo kuna wenzangu wa nje wanaolitamka vibaya kwenye mikutano. Napenda sana kuwasikia.

Utapata pia barua pepe zinazokuita "Profesa mashuhuri" ukiwa bado Mhadhiri Msaidizi. Hao ni majarida ya kitapeli. Dalili: wanakubali makala ndani ya siku chache, wanataka dola kabla ya uhakiki, na jina la jarida linafanana na la jarida maarufu, herufi moja imezidi. Mwenzangu mmoja alilipia makala nne. Kamati ya upandishaji vyeo ilizikataa zote, na tovuti yenyewe ikafungwa. Si kila jarida linalotoza ada ni la kitapeli, kwa hiyo mwone mkutubi, angalia kama limo kwenye Scopus, ile kanzidata ya majarida ya kitaaluma, au kwenye orodha ya shule za biashara za Uingereza, au ile ya Australia ya ABDC.

Ngazi yenyewe ni hii: Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Kwa kawaida unakaa daraja moja si chini ya miaka mitatu, na machapisho yanahesabiwa kwa pointi. Mkiandika wengi mnagawana, kwa hiyo makala yenye majina saba haikufikishi mbali. Kuanzia uprofesa kazi zako zinapelekwa kwa wahakiki wa nje ya chuo, na hapo ndipo utasubiri mpaka usahau kama uliomba.

Darasani

Usiamini anayesema kufundisha kunakula utafiti. Kufundisha vibaya ndiko kunakokula, kwa sababu unarudia maandalizi kila mwaka bila kujifunza kitu.

Harvard wamefundisha kwa visa vya makampuni halisi tangu miaka ya 1920, na ni njia nzuri. Shida ni kununua visa vyao na kuvileta hapa vikiwa na baridi yake. Darasa langu la uzamili la jioni linaanza saa kumi na moja na nusu; watu wametoka kazini, wana njaa, wamekaa foleni ya Ubungo. Meneja mmoja wa tawi la benki aliwahi kuniuliza, kwa heshima zote: "Madam, hiyo kampuni ya Massachusetts hapa kwetu inakaa wapi?"

Wiki iliyofuata nilikuja na kikaratasi cha utingo. Ninacho kimoja cha mwaka 1986, Mama alikihifadhi ndani ya Kurani. Nilikipiga picha nikakitupia ukutani, nikauliza swali moja tu: huyu dalali ni mwaminifu? Meneja wa tawi akasema ni mwizi, angalia hesabu ya ushuru imezungushwa. Dada wa bandarini akasema hapana, mwizi angezungusha kwenye yaliyooza, kwa sababu ushuru mtu anaweza kuuliza. Kijana wa bima akataka kujua kama dalali wa pili naye alileta kikaratasi. Nilikaa kimya dakika arobaini. Muda wa kipindi ulikwisha wanabishana, wakahamia kwenye maegesho, na mlinzi akaja kuniuliza kama kuna tatizo.

Pesa na kamati

Mshahara unatosha kuishi, hautoshi kuchezea. Ushauri elekezi upo na unalipa. Chuo kinakata asilimia yake, na ripoti uliyoiandikia shirika mara nyingi huwezi kuichapisha kama utafiti. Kanuni yangu ni kazi moja kwa mwaka, na iwe ile itakayonifikisha mahali ninapotaka kupaona. Wapo wenzangu wenye nyumba nzuri sana na makala ya mwisho ya mwaka 2005. Kamati kubali moja, ile ya utafiti ikiwezekana, kwani huko utaona wengine wanavyoandika maombi ya fedha na kwa nini yananyimwa. Kataa ya sherehe.

Saa zangu za kuandika ni kumi na moja alfajiri mpaka moja asubuhi, kabla watu hawajaamka na kabla sijafungua simu. Dada mmoja idarani huandika usiku, mwingine Jumamosi ndani ya gari huku watoto wako madrasa. Chagua zako uzitangaze nyumbani kama zamu ya hospitali.

Ukishasoma hapa na bado unataka, nipo ofisini Jumatano kuanzia saa nane mchana. Wasifu wako sihitaji kuuona siku ya kwanza. Nenda kwanza mahali watu wanapofanya kazi, ukae siku tatu, uniletee daftari. Ofisi iko ghorofa ya nne, na lifti usiitegemee.